Baiskeli ya resi kwa mtu mdogo wa mwili: jinsi ya kuipatia gia nyepesi za kupanda Newala

Hizi baiskeli za resi za mtumba zinazofika huku kwetu, nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya mwanaume mrefu mwenye mapaja, anayekimbizana na wenzake kwenye lami. Mbele unakuta sahani mbili, kubwa ina meno 52 au 53 na ndogo ina 42 au 39, nyuma kuna kafriweli kadogo kanakoishia meno 23 au 24, ukibahatika 26. Sasa dada wa kilo 48, kimo futi tano, anaipata hiyo baiskeli, Mtwara mjini mpaka Mikindani anatamba nayo vizuri tu, alafu siku anaamua kupanda Newala kutokea Masasi, au kwa watu wa Lindi anajaribu Rondo, anaishia kushuka na kusukuma, na wanaompita wanamwambia dada ongeza mazoezi. Mi hilo silikubali kabisa. Mazoezi ni mazuri ila gia ya 42 mbele kwa 24 nyuma kwenye mlima ni kama kumlazimisha mtu mwenye miguu mifupi apande ngazi mbili mbili mpaka ghorofa ya nne, tatizo liko kwenye ngazi, na bahati nzuri kwenye baiskeli ngazi inabadilishika.

Kwanza tuelewe kwanini mtu mdogo anaumia zaidi. Baiskeli yenye kilo 11 ni ile ile akipanda mtu wa kilo 75 au wa kilo 48, kwa huyu mkubwa ni asilimia 15 hivi ya uzito wake, kwa huyu mdogo ni karibu asilimia 23. Kila mtu anasukuma pedali kwa uzito wake na misuli yake, kwahiyo mwenye kilo chache akikutana na gia nzito hata akisimama juu ya pedali na mwili mzima pedali inashuka taratibu mno, magoti ndo yanalipa. Anachohitaji ni gia itakayomruhusu akae kwenye siti na kuzungusha.

Hesabu yake ni rahisi na naomba uifanye kabla hujanunua kitu chochote. Chukua meno ya mbele, gawanya kwa meno ya nyuma, jibu zidisha kwa 2.1, kwasababu tairi jembamba la 700 likizunguka mara moja linatembea kama mita 2.1. Unachopata ni mita ambazo baiskeli inasogea kila pedali ikizunguka mara moja. Mfano 42 kwa 24 inakupa karibu mita 3.7. Mlimani mtu wa kawaida anaenda labda kilomita 8 kwa saa, hiyo ni mita 133 kwa dakika, kwahiyo kwa gia ya mita 3.7 unazungusha mara 36 tu kwa dakika, hapo kila mzunguko ni kama unanyanyua gunia. Ukiwa na 34 kwa 32 unapata mita 2.2, kwa mwendo ule ule unazungusha mara 60, na mara 60 mtu anaweza kukaa nayo muda mrefu bila kufa. Kwa mtu wa kilo 45 mpaka 55 lengo langu ni mita 2.1 mpaka 2.3, yani meno ya mbele na ya nyuma yanakaribia kulingana. Kama unabeba na mzigo shuka chini ya mita 2.

Basi geuza baiskeli, hesabu meno. Weka alama ya chaki kwenye jino moja ndo uanze, usikisie. Andika sahani ya mbele ndogo na kubwa, nyuma gia ndogo kabisa na kubwa kabisa, na idadi ya gia za nyuma, 5, 6, 7, 8 au ngapi. Hiyo karatasi utaenda nayo kwa fundi au utampigia mtu wa Kariakoo akutumie kwa basi, bila hiyo karatasi utatumiwa kitu kisichoingia na nauli ya kurudisha ni yako.

Anza na nyuma, ndo sehemu rahisi na inayoleta tofauti kubwa kwa hela ndogo. Nyuma kuna aina mbili. Za zamani zina friweli, yani meno na ile mashine inayolia tik tik ni kitu kimoja kinachokazwa kwa nyuzi zake kwenye habu, kile kitovu cha tairi. Za baadae zina kaseti, meno yanachomekwa juu ya habu alafu yanabanwa na ringi ndogo ya juu, mashine ya tik tik inabaki kwenye habu. Kutofautisha, zungusha meno kinyumenyume na uangalie pale katikati ambapo spana maalum inaingia, kama sehemu hiyo inazunguka pamoja na meno ni kaseti, kama imetulia meno yakizunguka peke yake ni friweli.

Kwa friweli ya gia 7 tafuta ya meno 14 mpaka 28, zipo nyingi, au ile ya Shimano inayoitwa MegaRange yenye 14 mpaka 34, ambayo gia ya mwisho inaruka na kuwa kubwa kuliko zote, imewekwa pale kwa ajili ya mlima tu. Ukiwa na 42 mbele, hiyo 34 inakushusha kutoka mita 3.7 mpaka 2.6, hata sahani za mbele hujazigusa. Baiskeli nyingi za mountain za mtumba zinakuja nayo kwahiyo hata kwa anayevunja baiskeli kuuza vipuri unaweza kuipata. Angalia tu kama yako ilikuwa na gia 5 au 6, ya 7 ni pana kidogo, hakikisha gia ndogo ya mwisho na cheni yake havigusi fremu. Kama una kaseti ya 8 tafuta 11-32 au 11-34, ya 9 vile vile, ila idadi ya gia lazima ilingane na shifta zako, yani vile vya kubadilishia gia, kama ni zile zinazobofya. Kama shifta ni zile vijiti viwili kwenye bomba la chini ambazo hazibofyi, unavuta tu mpaka cheni inakaa, we una bahati kubwa kuliko unavyojua maana hizo zinakubali karibu kila kitu, usimruhusu mtu akushawishi uzitoe.

Kutoa friweli ya zamani nako kuna namna yake na hapa ndo vitu vingi vinaharibika. Friweli inajikaza yenyewe kila mtu akikanyaga pedali, sasa fikiria imekanyagwa miaka na miaka huko ilikotoka, alafu imekaa kwenye hewa ya chumvi ya pwani yetu. Fundi akiona haitoki anachukua tindo na nyundo, mwambie subiri kwanza fundi wangu. Inahitajika spana yake, za Shimano zina vijino vingi vidogo ndani, za SunTour za zamani zina mapengo mawili au manne tu na zinataka spana yake yenyewe. Mwagia oili laini au dizeli usiku, iache ilale. Asubuhi ingiza ile spana, ibane na nati ya ekseli ili isiteleze, alafu bana spana kwenye jiriwa tairi likiwa limelala juu kama usukani wa lori, shika tairi pande zote mbili na ulizungushe kinyume na saa. Itatoa mlio mmoja mkubwa, PAA, watu wanafikiri kimevunjika, ndo imelegea hivyo. Hapo legeza ile nati kwanza, ukiendelea kuzungusha bila kulegeza utakata nyuzi za ekseli. Kwenye kurudisha mpya paka grisi ya kutosha kwenye nyuzi, anza kwa mkono, ikienda upande itoe uanze tena. Kwa kaseti unahitaji kipande cha cheni kuukuu kilichofungwa kwenye ubapa wa chuma ili kizuie meno yasizunguke wakati unafungua ile ringi, fundi yoyote anaweza kukitengeneza.

Sasa kabla hujafurahi kuna direla, ule mkono wa nyuma wenye vigurudumu viwili unaohamisha cheni. Baiskeli za resi zina mkono mfupi na ule mfupi una mipaka miwili. Wa kwanza ni ukubwa wa gia unaoweza kufikia, za zamani nyingi zinaishia meno 26 au 28. Wa pili ni kiasi cha cheni unachoweza kumeza, hesabu yake ni tofauti ya sahani za mbele jumlisha tofauti ya meno ya nyuma. Mfano 52 na 42 mbele, tofauti 10, nyuma 14 mpaka 34, tofauti 20, jumla 30, mkono mfupi wa zamani unashindwa hapo, ama kigurudumu cha juu kinasugua meno ama cheni inaning'inia kama kamba ya nguo. Dawa yake ni direla ya mountain yenye mkono mrefu, Shimano za Altus, Acera, Alivio za gia 7, 8 au 9, zinafika meno 34 na zinameza 40 na kitu, na uzuri ni kwamba zinavutwa waya kwa kipimo kile kile cha resi za Shimano za 7, 8 na 9, kwahiyo shifta zako za kubofya zinaelewana nazo. Epuka direla za mountain za gia 10 kwenda juu kwa shifta za resi, kipimo chake kimebadilika, utahangaika kutwa nzima gia hazikai. Na kama vifaa vya gia vya baiskeli yako ni vya kampuni ya Campagnolo vipimo vyake ni vyao wenyewe, hapo bora shifta zisizobofya.

Cheni lazima iendane na haya yote. Ipitishe kwenye sahani kubwa ya mbele na gia kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye direla, ikutane, alafu ongeza inchi moja, yani vipande viwili, kata hapo. Ukiacha cheni ya zamani fupi na kwa bahati mbaya ukaweka kubwa kwa kubwa, inang'oa direla na sikio la fremu, pale direla inapofungwa, kwa mpigo, na sikio la fremu ya aluminiamu huku kwetu kulipata ni kazi. Cheni ya 6, 7 na 8 ni moja, ya 9 ni nyembamba zaidi, na ile ya Phoenix ni nene haipiti kabisa kwenye gia nyingi. Pima pia kama imechoka, kwa rula ya futi moja pini 24 zinatakiwa zikae inchi 12 kamili, ikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita badilisha, maana cheni kuukuu juu ya friweli mpya itaruka ruka mlimani, na mlimani cheni ikiruka umekanyaga kwa nguvu zote unapiga kifua kwenye usukani.

Tuje mbele. Watu wengi wanaanzia huku kwasababu sahani kubwa inaonekana, mi nasema njoo huku ukishamaliza nyuma na bado hesabu haijafika. Sahani ndogo inafungwa kwa bolti tano, na umbali wa bolti hizo ndo unaamua unaweza kushuka mpaka wapi. Pima kwa rula kutoka katikati ya bolti moja mpaka katikati ya inayofuata. Ukipata milimita 76 hivi, hiyo ni krenki, yani ile mikono ya pedali na sahani zake, ya kipimo cha 130 (kipenyo cha duara la bolti kwa milimita), mwisho wake ni meno 38, yani kutoka 42 unapata nafuu kidogo tu. Ukipata milimita 65 hivi ni kipimo cha 110 na hapo umeokoka, inakubali sahani ya 34. Milimita 85 hivi ni kipimo cha zamani cha 144, huyo haendi chini ya 41, mwache, badilisha krenki nzima.

Na kubadilisha krenki nzima wala sio jambo la kuogopa. Krenki za mountain za mtumba zenye sahani tatu, 42, 34 na 24 au 48, 38 na 28, zimejaa, nyingi zinaingia kwenye ekseli ya katikati yenye ncha ya mraba kama za resi za zamani. Kitu cha kuangalia ni urefu wa ile ekseli, sahani ndogo na mkono wa krenki visiguse bomba la fremu, vikigusa tafuta ekseli ndefu kidogo. Krenki inatolewa kwa pula yake ya nyuzi, sio kwa kugongwa nyundo, na usisahau pedali ya kushoto inafunguliwa kinyume na ya kulia. Kihamisha cheni cha mbele kishushe kiwe milimita 2 hivi juu ya meno ya sahani kubwa mpya, kile cha kubana na bamba kinashuka tu, kile kinachofungwa kwenye sikio lililochomelewa kwenye fremu kinaweza kugoma. Kikigoma kiondoe. Nasema kwa moyo mmoja, kiondoe, acha sahani tatu zikae, ukifika chini ya mlima wa Newala unashuka, unahamisha cheni kwa kijiti mpaka kwenye 24 au 28, unapanda, juu kule kwenye uwanda wa Makonde ni tambarare unairudisha. Mlima wenyewe ni mmoja na mrefu, huhitaji kuhamisha mbele kila dakika. 28 kwa 28 ni mita 2.1, lengo limefika hata bila ile friweli kubwa.

Wapo watakaotaka sahani moja tu mbele, ni safi pia, 38 mbele na 11-34 nyuma unapata mita 2.35 kwa mlima, na upande wa kasi 38 kwa 11 ukizungusha mara 80 unaenda karibu kilomita 35 kwa saa, nani kati yetu anahitaji zaidi ya hapo akirudi Mtwara kutoka Mnazi Mmoja ya Lindi, upepo wa kusi ukimpiga usoni. Gia nyepesi zinasaidia hata kwenye huo upepo, watu wanasahau.

Kitu ambacho mafundi wengi hawakigusi kabisa ni urefu wa mkono wa krenki na kwa mtu mfupi nakiweka juu sana. Geuza mkono, nyuma yake karibu na tundu la pedali pameandikwa, mara nyingi 170. Kwa mtu wa futi tano hiyo ni ndefu, goti linapanda mpaka karibu na kifua, nyonga zinayumba kwenye siti. 160 au hata 155 inamfaa zaidi. Ila ujue ukifupisha krenki unapunguza nguvu ya kukanyagia, kutoka 170 kwenda 160 ni kama asilimia 6, gia ile ile itahisi nzito kama umeongezewa meno mawili kwenye sahani ya 34. Kwahiyo vifanye pamoja, fupisha krenki na shusha gia, usifanye kimoja ukashangaa. Krenki fupi utazipata kwenye baiskeli za watoto wakubwa za tairi 24 zenye gia, nyingi zina 150 na kitu na sahani tatu ndogo, mtu akivunja moja we chukua hiyo seti.

Tairi nalo. Fremu chache za watu wadogo zinakuja na tairi dogo la 650C, hilo peke yake linashusha gia kama asilimia 8, kwenye hesabu badala ya 2.1 tumia 1.94. Ukiikuta baiskeli ya hivyo jua tairi zake ni shida, tairi la mountain la 26 haliingii japo na hili la 650C huitwa 26, rimu yake ina kipenyo cha milimita 559 na ya 650C ni 571. Hali kadhalika tairi la Phoenix la 28 ni 635, la resi ni 622, usipokee.

Ukishafunga vyote usitoke barabarani hapo hapo. Ning'iniza baiskeli kwenye tawi la mkorosho kwa siti, mtu azungushe pedali kwa mkono. Direla ina skrubu mbili za mipaka, ile yenye herufi L ndo inazuia cheni isivuke gia kubwa na kuingia kwenye spoku, sukuma direla kwa kidole kuelekea spoku, ikikubali kupita kaza L mpaka igome. Hii ni muhimu kuliko zote kwa mpanda mlima kwasababu utakaa kwenye gia ya mwisho muda mrefu ukikanyaga kwa nguvu, cheni ikiingia kwenye spoku tairi linakwama na we unaanguka pale pale mbele ya lori. Alafu ile skrubu ya tatu, inayogusa sikio la fremu kwa nyuma, kaza mpaka kigurudumu cha juu kiwe mbali na gia kubwa kwa milimita 5 au 6, kisigusane.

Kama unaweza fanya kazi hii kabla ya Oktoba, msimu wa korosho ukianza hela zinatoka na kila mtu anakumbuka baiskeli yake, fundi mzuri hapatikani, na fundi aliyechoka anakaza L kwa macho. Barabarani hamisha gia kabla mlima haujakubana, punguza kukanyaga kwa nusu mzunguko wakati cheni inahama. Waya mpya unalegea siku za mwanzo, gia zikianza kusita usiguse skrubu za mipaka, zungusha tu kile kirekebishi cha waya nyuma ya direla nusu mzunguko kinyume na saa, jaribu, ongeza robo kama bado inasita.